Peintiboli kwa bajeti ndogo: pesa huishia kwenye vidonge, si kwenye bunduki

Anayetaka kuanza peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi kwa bunduki za hewa, huuliza kwanza anunue bunduki gani. Swali hilo lina wakati wake, ila si sasa. Bunduki hununuliwa mara moja na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Vidonge vya rangi hununuliwa kila uendapo uwanjani, na mtungi wa hewa hujazwa kila siku ya mchezo. Piga hesabu ya msimu mzima uone: mwenye bunduki rahisi na kidole chepesi anaweza kutumia pesa nyingi kuliko mwenye bunduki nzuri anayefyatua kwa kipimo. Ndiyo maana tunaanzia kwenye kukodi, tunapitia barakoa na vidonge, na bunduki inasubiri zamu yake.

Kodi kwanza, na uulize maswali manne

Viwanja vingi hukodisha seti nzima: barakoa, bunduki, hopa (kile chombo cha juu kinachobeba vidonge) na mtungi wa hewa. Kilichomo hutofautiana sana, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Bei hiyo ina vidonge ndani yake, na ni vingapi? Hewa hujazwa bure siku nzima au hulipiwa kila ujazo? Naruhusiwa kuja na vidonge vyangu? Na mtu aliyekuja peke yake hupangiwa timu siku zipi?

Swali la tatu ndilo zito. Viwanja vingi havikubali vidonge vya nje. Unanunua vyao au huchezi. Mahali kama hapo, boksi la bei nafuu uliloagiza mtandaoni litabaki nyumbani. Vingine huruhusu vya nje lakini kiingilio hupanda. Usilinganishe viingilio peke yake: jumlisha kiingilio, kodi ya vifaa, hewa na vidonge 500, kisha linganisha jumla kwa jumla. Mara nyingi uwanja wenye kiingilio cha chini ndio unaokutoa pesa zaidi jioni.

Swali la nne nalo lina faida yake. Siku za wanaokuja mmoja mmoja huwa rahisi kuliko kukodi uwanja kama kundi, na zina wachezaji wazoefu wa kutazama na kuuliza. Kodi mara tatu au nne kabla hujanunua chochote kikubwa. Katika siku hizo utajua kama unapenda kucheza msituni, ambako mchezo ni wa kunyemelea na kusubiri, au kwenye uwanja mdogo wa vizuizi vya kujazwa upepo, ambako kila kitu hutokea kwa dakika chache na vidonge humiminika. Aina hizi mbili hazitaki vifaa sawa, na aliyenunua kabla ya kujua huishia kuuza kwa hasara.

Angalia pia ukubwa wa vidonge. Peintiboli ya kawaida hutumia vidonge vya inchi 0.68, yaani milimita 17 na kidogo. Kuna vidogo vya inchi 0.50, vyenye pigo laini zaidi, vinavyotumika sana kwa watoto. Bunduki za 0.50 hushawishi kwa bei, lakini kama uwanja wako hucheza 0.68, kidonge chako hakitafika mbali kama vya wenzako, na uwanja huenda usiwe na vidonge vya kukuuzia.

Barakoa ndiyo ununuzi wa kwanza

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua barakoa. Sababu ya kwanza ni usalama: kidonge kinachotoka mtutuni kwa mita 85 hadi 90 kwa sekunde kinaweza kupofusha jicho, na hakuna kifaa kingine mchezoni chenye kazi nzito kama hiyo. Sababu ya pili ni kwamba barakoa za kukodi mara nyingi zina lenzi ya tabaka moja iliyokwaruzika, inayopata ukungu dakika ya tano. Mchezaji asiyeona hufyatua ovyo, na vidonge vinaisha.

Barakoa iwe imetengenezwa kwa ajili ya peintiboli. Miwani ya fundi wa kuchomelea, miwani ya pikipiki na ile ya bunduki za plastiki hazifai. Zinaweza kuchomoka au kupasuka zikipigwa, na refa makini hatakuruhusu uingie nazo. Kwa vifaa vya soko la Marekani tafuta alama ya kiwango ASTM F1776. Kisha tafuta lenzi ya tabaka mbili, yenye nafasi ya hewa katikati. Tabaka la ndani hukaa karibu na joto la uso wako, hivyo mvuke wa pumzi haugandi kwa urahisi. Tofauti ya bei kati ya lenzi moja na lenzi mbili ni ndogo ukilinganisha na raha utakayoipata, na hapa bahili hujiumiza mwenyewe.

Ijaribu usoni kabla ya kulipa. Sponji iguse ngozi pande zote, bila mwanya pembeni mwa macho. Inamisha kichwa, kitikise, fungua mdomo: isisogee. Mwenye miwani ya macho aivae wakati wa kujaribu, maana si kila barakoa ina nafasi ya mikono ya miwani kupita chini ya sponji. Masikio yafunikwe. Kofia ya kitambaa au kitambaa cha kichwani huzuia jasho lisishuke kwenye sponji na huongeza kinga ya utosi.

Lenzi hufutwa kwa maji safi na kitambaa laini cha nyuzi ndogo. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, petroli na vimiminika vya kuyeyushia rangi hudhoofisha plastiki ya lenzi bila kuacha alama inayoonekana, na siku itakapopigwa kwa karibu itapasuka. Lenzi ya tabaka mbili usiitumbukize ndani ya maji: maji yakipenya katikati hayatoki, na utatazama dunia kupitia doa. Ikipata ufa wowote, au ikipigwa kwa karibu sana, badilisha. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima.

Hesabu ya vidonge

Kidonge ni ganda la jelatini lenye rangi ndani, na kimiminika chake kikubwa ni polyethilini glaikoli. Rangi huyeyuka kwa maji, hivyo nguo husafishika. Boksi la kawaida lina vidonge 2,000 katika mifuko minne ya 500. Bei ya kidonge kimoja hushuka ukinunua boksi zima, kwa hiyo watu wanne wakichangia boksi moja, kila mmoja anapata mfuko kwa bei ya jumla. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kupunguza gharama, na haihitaji ujuzi wowote.

Mgeni anayecheza nusu siku kwa utulivu hutosheka na 500. Siku nzima ni 500 hadi 1,000. Sasa tazama upande wa pili: hopa ya kawaida hubeba 200, na bunduki ya umeme inayotoa vidonge 8 kwa sekunde huimaliza kwa sekunde 25. Mtu anaweza kuchoma boksi zima kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo unapoamua aina ya bunduki, unaamua pia bili yako ya kila wiki.

Vidonge vina madaraja. Vya bei ya chini vina ganda nene na umbo lisilo duara kamili. Havipasuki ndani ya bunduki kirahisi, ila mara nyingine humpiga mtu na kudunda bila kupasuka. Vya mashindano vina ganda jepesi, hupasuka vizuri kwenye shabaha, lakini hopa ya kawaida na bunduki yenye pigo zito huvivunja kabla havijatoka. Anayeanza achukue daraja la kati. Kabla ya kununua tazama mfuko: vidonge viwe duara, vikauke, visishikamane, na visiwe na vishimo. Ukiona rangi imetapakaa ndani ya mfuko, achana nao.

Vihifadhi ndani ya nyumba, mahali pakavu pasipo jua, kwenye nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi, na ugeuze mfuko kila baada ya siku chache visije vikabonyea upande mmoja. Unyevu huvimbisha jelatini na joto huilainisha. Buti la gari lililokaa juani huharibu mfuko kwa saa chache. Kuna wanaoviweka kwenye friji wakidhani vitakuwa vigumu na kuuma zaidi. Baridi huvifanya vikatike kirahisi, basi vinapasukia mtutuni mwa mwenyewe. Tumia ndani ya miezi mitatu hivi.

Na usiokote vidonge vilivyoanguka chini, hata kama mfuko umemwagika wote. Hunyonya unyevu wa ardhi na kuvimba, na huja na mchanga unaokwaruza mtutu. Kidonge ulichookota kinaweza kuharibu mchezo mzima.

Bunduki: pampu, ya kimakanika, au ya umeme

Ya pampu hukokiwa kwa mkono kila pigo. Ndiyo inayokula vidonge vichache kuliko zote: mfuko wa 500 unaweza kutosha siku nzima na ukabaki. Mchezo wa kwanza uliochezwa, mwaka 1981 huko Henniker, New Hampshire, ulitumia Nelspot 007, bastola iliyokuwa ya kuwekea alama miti na mifugo, nayo ilikokiwa kwa mkono hivyo hivyo. Pampu hukufundisha kuchagua pigo, kusogea na kusubiri. Ubaya wake ni kwamba ukikutana ana kwa ana na mwenye bunduki ya kasi utatolewa mara nyingi, na si kila mgeni ana subira hiyo.

Ya kimakanika hutoa kidonge kimoja kila ukivuta triga, bila betri. Hapa ndipo wengi wenye bajeti ndogo wanapaswa kuanzia. Kuna makundi mawili. La kwanza ni zile zinazojikoki kwa msukumo wa hewa na springi nzito, kama Tippmann 98 Custom: nzito, zenye kelele na mtikisiko, lakini hustahimili matope na kuangushwa, na vipuri vyake vimejaa sokoni. La pili ni zile zinazotumia hewa laini zaidi, kama Planet Eclipse Emek 100: kimya, nyepesi, hazivunji vidonge ovyo na hutumia hewa kidogo. Bei yake ni ya juu, ila sehemu ya tofauti hiyo hurudi kwa njia ya vidonge visivyovunjika na mtungi unaodumu.

Ya umeme iache. Si kwa sababu ni mbaya; ni kwa sababu inakupa uwezo wa kumaliza pesa kwa kasi kuliko unavyojifunza. Bunduki zenye magazini, zinazofanana na silaha za kijeshi, nazo ni ghali kuziendesha: magazini hubeba vidonge 20 hivi au pungufu, na kila magazini ya ziada ni gharama.

Bunduki iliyotumika ni chaguo zuri ukiikagua. Nenda na mtungi uliojaa, mfuko mdogo wa vidonge na barakoa. Fuata mpangilio huu:

1. Kabla ya kuweka hewa, tazama bisi zote. Kichwa cha bisi kilicholiwa maana yake mtu aliifungua kwa alenki isiyo saizi yake, na huenda akaharibu na ndani. Angalia nyufa kwenye shingo inayoshika hopa.
2. Funga mtungi bila vidonge na usikilize kwa dakika mbili. Hewa ikivuja pale mtungi unapoungana na bunduki, mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuziba hewa) ya mtungi, saizi 015, kitu cha bei ya bure kabisa. Ikitoka kupitia mtutu, ni sili ya vali ya ndani au oringi za bolti (kipande kinachosukuma kidonge mtutuni): hutengenezeka, lakini punguza bei. Ikitoka katikati ya kiwiliwili na muuzaji hajui kwa nini, ondoka.
3. Vaa barakoa, fyatua mara kumi bila vidonge ukielekeza mahali salama. Kila pigo lisikike sawa, na triga irudi yenyewe.
4. Weka vidonge na upime kasi kwa kronografu (kifaa cha kupimia kasi ya kidonge), kama uwanja unayo. Mapigo kumi yakitofautiana kwa futi 10 kwa sekunde au pungufu, bunduki ni nzima. Tofauti ya 30 au zaidi inaashiria vali, springi au regileta (kidhibiti cha shinikizo la hewa) iliyochoka.
5. Uliza kama vipuri vya modeli hiyo bado vinauzwa. Bunduki nzuri iliyokosa oringi za saizi yake ni pambo.

Usilipie mtutu mrefu. Sentimita 30 hadi 36 zinatosha. Mtutu wa ziada hauongezi umbali, maana umbali unatokana na kasi, na kasi ina kikomo kwa kila mtu uwanjani. Kilicho muhimu ni upana wa ndani kulingana na kidonge. Toa mtutu, tia kidonge upande wa nyuma. Kikipita chenyewe na kudondoka, mtutu ni mpana mno: hewa hupotea pembeni. Kikikwama kabisa, ni mwembamba na kinaweza kuvunjika. Kikikaa na kutoka ukikipuliza kidogo kwa mdomo, hapo pamekaa sawa.

Mtungi wa hewa

Zipo gesi mbili: CO2 (kaboni dioksidi) na hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Mtungi wa CO2 ni rahisi kununua, lakini gesi hiyo hukaa ndani kama kimiminika na shinikizo lake hufuata hali ya joto. Asubuhi yenye baridi bunduki inapiga kwa kasi ndogo. Saa saba mchana inapita kikomo cha kasi na refa anakusimamisha. Ukifyatua haraka, kimiminika huingia ndani ya bunduki, hugandisha oringi na kuzipasua. Bunduki nyingi za kisasa, Emek ikiwemo, hazitakiwi kutumia CO2 kabisa. Kwa anayenunua leo, hewa ndiyo jibu, ilimradi uwanja wako unajaza.

Mtungi wa kuanzia ni wa alumini, ujazo wa inchi za ujazo 48 na shinikizo la psi 3,000 (psi ni kipimo cha shinikizo). Ni mzito kidogo, ila rahisi, na hutoa mapigo 300 hadi 500 hivi kutegemea bunduki. Hatua ya juu ni mtungi wa nyuzi za kaboni, 68 kwa psi 4,500, unaobeba hewa zaidi kidogo ya mara mbili. Kabla hujalipia huo, uliza uwanja wako hujaza hadi kiasi gani. Kama kompresa yao huishia psi 3,000, utakuwa unabeba theluthi mbili tu ya ulichokilipia.

Kila mtungi una tarehe iliyopigwa muhuri au kuandikwa kwenye lebo. Katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, mitungi mingi lazima ipimwe upya kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5, na mingi ya nyuzi za kaboni ina ukomo wa miaka 15. Hapa ndipo mtungi uliotumika unapogeuka mtego: bei ni ya chini kwa sababu muda wa kupimwa umepita, na uwanja hautaujaza. Mtungi wenye nyuzi zilizochanika au mkwaruzo mzito usinunuliwe kwa bei yoyote.

Jaza polepole. Ukijaza kwa haraka hewa hupata joto, geji husoma imejaa, kisha inapopoa unakuta imepungua. Kwenye nipo (tundu) ya kujazia usitie mafuta wala grisi, hata tone. Mafuta yakikutana na hewa yenye shinikizo kubwa yanaweza kuwaka. Tena, usifungue regileta ya mtungi mwenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi wa mitungi.

Vitu vidogo na mavazi

Hopa ya kudondosha kwa uzito, ya vidonge 200, inatosha kwa pampu na kwa bunduki ya kimakanika ya kidole tulivu. Haina betri wala kitu cha kuharibika. Tatizo lake ni kwamba vidonge hukwama shingoni. Itikise kidogo bunduki kila baada ya mapigo machache. Ukianza kufyatua haraka kuliko vidonge vinavyoshuka, bolti hukikuta kidonge nusu njiani na kukikata, na rangi hujaa ndani. Hapo tafuta hopa yenye kikorogeo cha betri, ila jiulize kwanza kama tatizo ni hopa au ni kidole.

Podi (kopo la kubebea vidonge vya akiba) mbili za vidonge 140 na mkanda mwepesi wa kuzibeba zinakutosha. Kinachotakiwa kweli ni kifuniko cha mtutu, kile cha kitambaa chenye kamba ya kunyumbulika. Hakuna uwanja wa maana utakaokuruhusu kutembea nje ya mchezo bila hicho. Kamba ikilegea, badilisha. Ongeza kisafishio cha kuvuta kupitia mtutu, oringi tano za 015, na kitambaa kikavu.

Nguo maalumu za peintiboli ni za baadaye. Vaa suruali ndefu pana na fulana mbili, ya nje ikiwa ya mikono mirefu na iliyolegea: kitambaa kinachoning'inia hupunguza pigo, na mara nyingine kidonge hudunda tu. Shingo na vidole ndivyo vinavyouma zaidi, hivyo tafuta skafu nyembamba na glavu za kazi. Viatu viwe vya kushika kifundo cha mguu na vyenye meno. Mwanamume asione haya kuvaa kinga ya nyeti. Alama za kupigwa huwa duara jekundu lenye ukubwa wa sarafu na hufifia ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili.

Siku yenyewe

Fika mapema, kwa sababu maelezo ya refa hayarudiwi. Pima kasi kabla ya mchezo wa kwanza. Kikomo cha viwanja vingi vya nje ni futi 280 hadi 300 kwa sekunde, na vya ndani ya jengo huwa chini zaidi. Ukirekebisha kasi, geuza skrubu robo mzunguko, fyatua mara mbili kusafisha hewa ya awali, kisha pima. Lenga chini ya kikomo kwa futi 10, ili mchana ukipasha mtungi usilazimike kurudi kwenye foleni.

Barakoa haitoki usoni uwanjani. Ukungu ukikuziba kabisa, inua mkono, mwite refa, akusindikize nje. Usiinyanyue hata sekunde moja. Mtutu hufunikwa kabla ya kutoka eneo la mchezo, na barakoa huvuliwa baada ya hapo. Ukipigwa na kidonge kikapasuka na kuacha doa la ukubwa wa sarafu, umetoka: paza sauti, inua bunduki juu ya kichwa, ondoka. Matone yaliyoruka kutoka kwenye mti au ukuta hayahesabiki. Una shaka? Muite refa akukague. Viwanja vingi vina umbali ambao chini yake humpi mtu kidonge, unamtaka ajisalimishe. Uliza ni mita ngapi, maana hutofautiana. Kufyatua bila kutazama, bunduki ikiwa juu ya kinga (kizuizi unachojifichia) na kichwa chini, ni marufuku karibu kila mahali.

Kufyatua kidogo na bado kubaki mchezoni

Kidonge huanza kushuka waziwazi baada ya mita 30 hivi, na kikifika mbali sana hudunda badala ya kupasuka. Wageni wengi humwaga nusu ya vidonge vyao kwa watu walio mita 60. Usimfyatulie usiyeweza kumpiga. Sogea kwanza.

Unapojificha, usijibane kwenye kinga. Kaa nyuma yake umbali wa mkono au zaidi; utaona pembe kubwa zaidi, mtutu hautatokeza nje kukutangaza, na matone hayatakufikia. Chungulia pembeni, si juu, na usichungulie mahali pamoja mara mbili mfululizo: wa upande wa pili ameshapalenga. Toka ukiwa tayari umelenga, toa vidonge viwili au vitatu, rudi. Jifunze kushika bunduki kwa mkono wa kushoto pia ili utokee upande wa kushoto wa kinga bila kuanika mwili mzima.

Na ongea. Kumwambia mwenzako "yuko mmoja nyuma ya gogo, kulia kwako" kuna thamani kuliko vidonge hamsini. Mmoja akifyatua pigo moja moja kumfanya adui ainamishe kichwa, mwingine azunguke. Vidonge kumi vilivyotumika hivyo hutoa mtu. Mia moja vya kurushiana uso kwa uso mara nyingi havitoi.

Kinachoharibika na kwa nini

Vidonge vikianza kwenda mviringo, vikipinda hewani kushoto na kulia, kimoja kimepasukia mtutuni. Rangi iliyobaki ukutani huvizungusha vinavyofuata, na navyo vinapasuka, kwa hiyo kuendelea kufyatua ukitumaini patasafika ni kumwaga pesa. Weka sefti (kizuizi cha triga), zima hewa au toa mtungi, toa mtutu, vuta kisafishio mara mbili, futa na mahali bolti inapokaa. Usichungulie mtutu ukiwa umefungwa kwenye bunduki. Ikitokea tena na tena, kagua vidonge kabla ya kulaumu bunduki: vimevimba, vimezeeka, au ni vipana kuliko mtutu.

Mlio ukibadilika na vidonge vikianguka mita chache mbele, tazama geji ya mtungi kwanza. Kama hewa ipo, oringi imechoka au bunduki imekauka. Hapa watu hukosea sana: bunduki za aina ya Tippmann hutaka matone machache ya mafuta ya bunduki za peintiboli pale mtungi unapofungwa, ilhali Emek na jamaa zake hutaka grisi yake kwenye oringi za bolti na si mafuta. Soma kitabu cha bunduki yako. Vimiminika vya kupuliza kutu na mafuta ya injini vinaweza kuvimbisha na kula oringi. Vihifadhi kwa ajili ya bawaba za milango.

Jioni, utaratibu ni huu: vaa barakoa, toa hopa na umwage vidonge vilivyobaki, fyatua pahala salama kuhakikisha hakuna kidonge ndani, kisha legeza mtungi taratibu huku ukifyatua hadi hewa iishe ndani ya bunduki. Mtungi uliotolewa kwa nguvu bunduki ikiwa na shinikizo ndio unaokata oringi ile ya 015. Futa rangi kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kausha, lainisha, funika mtutu. Mtungi uache na hewa kidogo, psi 500 hivi, ili vumbi na unyevu visiingie ndani, na uuweke mbali na jua.